Hadubini Zilizovikwa Nailoni: Namna ya Kuupima Ubora wa Chuo

Hadubini kumi na mbili zilikuwa zimepangwa mezani mstari mmoja kama askari wa gwaride, kila moja imevikwa mfuko wake wa nailoni. Dada yangu alisimama mlangoni akanigusa kiwiko. "Umeona vitu?" Alikuwa ametoka Bungoma na matatu ya alfajiri kumsindikiza binti yake kutafuta chuo cha diploma ya maabara ya tiba hapa Kisumu, na baada ya kuzungushwa kwenye madarasa yaliyo juu ya duka la mabati, vifaa vipya vilimtuliza moyo. Mimi niliiona nailoni. Ilikuwa wiki ya saba ya muhula, na mifuko ile ilikuwa bado na mikunjo ya kiwandani, vumbi limelala juu yake bila alama ya kidole.

Kijana wa ofisi ya usajili aliyetutembeza alieleza kwamba vifaa hufunikwa hivyo visiharibike. Mpwa wangu akauliza swali lililokuwa likinikereketa kooni: hufunuliwa siku gani?

"Wakati wa mtihani," akajibiwa.

Mimi ni mtu wa maabara. Kwa miaka mingi nimekuwa nikipokea wanafunzi wanaotumwa hospitalini kwa atachimenti, na kazi hiyo humwonyesha mtu jambo ambalo mzazi hawezi kuliona kwenye brosha: wanafunzi wa vyuo vinne au vitano wameketi meza moja, wamepewa damu ya mgonjwa mmoja. Mwombe wa kwanza akutengenezee tone nene na tone jembamba la kutafuta malaria. Atakueleza maana ya kila moja kwa ufasaha, hata atakutajia kwamba kwenye tone nene vijidudu huhesabiwa dhidi ya seli nyeupe 200. Sasa mpe slaidi. Mkono unatetemeka, damu inaganda, rangi ya Giemsa inamwagwa kabla tone halijakauka, na kazi yote inaishia kwenye sinki. Wa pili hasemi mengi. Anatengeneza, anasubiri, anatia rangi, anadondosha mafuta, anazungusha lenzi ya mia, anakaa kimya dakika kadhaa, kisha anakuita uje uone. Ukitazama karatasi zao za matokeo, alama zinalingana.

Tofauti ya hao wawili ndiyo ubora wa chuo. Karatasi ya matokeo haikuionyesha, na brosha haiwezi. Ila ina mahali inapojificha, na hata mzazi asiyejua hadubini ni nini anaweza kuitafuta.

Neno moja, maana tano

Mwaka 1993 watafiti wawili wa Uingereza, Lee Harvey na Diana Green, walionyesha kwamba watu wanapotaja ubora katika elimu ya juu huwa na mawazo matano tofauti vichwani: hadhi isiyopatikana kila mahali, kazi isiyo na dosari, kufaa kwa kusudi lililowekwa, thamani ya pesa, na mabadiliko yanayotokea ndani ya mwanafunzi mwenyewe.

Ugomvi mwingi wa nyumbani kuhusu vyuo hutoka hapo. Dada yangu alikuwa anapima thamani ya pesa, kwa kuwa karo ingetoka kwenye ng'ombe wawili na mkopo wa chama. Wazee wa kijijini hupima hadhi. Kwao chuo kikuu kibovu ni bora kuliko chuo cha ufundi kizuri, na hilo halina dawa. Mkaguzi wa serikali anapima kama chuo kinafaa kwa lile kilichojitangazia. Mimi nilikuwa natafuta mabadiliko: mtoto huyu akitoka hapa, mikono yake itaweza nini ambacho leo haiwezi? Mimi na dada yangu tulikuwa ndani ya chumba kimoja, kila mmoja na mizani yake.

Kibali kinasema nini

Kenya haina ofisi moja inayokagua kila chuo. Vyuo vikuu viko chini ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, iliyoundwa na sheria ya 2012 kuchukua nafasi ya tume ya zamani iliyoanzishwa 1985. Vyuo vya ufundi, kuanzia politekniki za kitaifa kama ile ya Kisumu au ya Sigalagala hadi vile vyuo vidogo vilivyo ghorofani mjini, viko chini ya mamlaka ya elimu ya ufundi, TVETA, kwa sheria ya 2013. Halafu kuna mabaraza na bodi za taaluma: wauguzi wana baraza lao, wahandisi bodi yao, na sisi wa maabara tuna bodi iliyoundwa kwa sheria ya 1999. Hawa ndio watakaompa mhitimu leseni ya kufanya kazi, au watakaomnyima.

Kwa hiyo mtu anayekuambia "chuo chetu kimesajiliwa" amejibu swali moja kati ya manne. Chuo chenyewe kina kibali? Kozi hii imeidhinishwa? Imeidhinishwa kufundishwa kwenye kampasi hii, au ile nyingine iliyo mji wa mbali? Na bodi ya taaluma inaitambua? Hatua hizi hazifuatani zenyewe. Chuo kikuu kinaweza kuwa na charta, ile hati yake ya kuwa chuo kikuu, safi kabisa huku kozi mojawapo ikifundishwa bila idhini. Mwaka 2016 CUE iliamuru chuo kikuu kimoja cha umma katika eneo letu kifunge kampasi kumi, na maelfu ya wanafunzi wakajikuta wakitakiwa kuhama. Wahandisi nao wana majeraha yao: wapo waliovaa joho, wakapigwa picha na nyanya zao, ndipo wakagundua kwamba bodi haiitambui shahada waliyoisomea miaka mitano. Mvutano kati ya CUE na mabaraza ya taaluma, kuhusu ni nani hasa mwenye neno la mwisho juu ya kozi, umefika mpaka mahakamani. Mzazi hana haja ya kuusubiri uishe. Aulize pande zote mbili. Orodha za kozi na za vyuo vilivyoidhinishwa huwekwa kwenye tovuti za tume, mamlaka na mabaraza, na kwa uuguzi kuna kipimo rahisi zaidi: muulize mwanafunzi wa mwaka wa pili kama ameshapata namba yake ya indeksi kutoka kwa baraza. Kama darasa zima halina, ondoka.

Lakini tuseme kila kibali kipo. Umejua nini? Umejua kwamba siku fulani wakaguzi walikuja, wakakuta vya kutosha. Stika ya ukaguzi kwenye kioo cha matatu inathibitisha kwamba breki zilishika siku ile ya ukaguzi. Haisemi lolote kuhusu leo asubuhi kwenye mteremko wa Salgaa. Mwenye chuo kimoja aliwahi kunipigia simu akiniomba nimwazime sentrifuji ya hospitali, mashine ya kutenganisha damu, kwa siku mbili tu. Wakaguzi walikuwa waje Alhamisi. Nilikataa, naye hakuonekana kusumbuka. Nadhani alipata kwingine.

Kufundisha: mahali pagumu kupima

Hapa ndipo vipimo vinavyotangazwa hupotosha zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kipimo cha kwanza ambacho kila mkaguzi huanza nacho ni idadi ya wanafunzi kwa mhadhiri mmoja. Miongozo ya CUE ya 2014 iliweka mhadhiri mmoja kwa wanafunzi 7 katika masomo ya tiba, 10 katika sayansi, 15 katika sanaa na fasihi, na 18 katika sayansi za jamii. Ni kipimo cha maana. Mtu hawezi kusahihisha kazi mia tatu kwa uangalifu, hata awe mtakatifu. Shida ni kwamba hesabu hii hufanywa kwa majina, na jina moja linaweza kufanya kazi sehemu tatu. Wahadhiri wa muda ndio wanaobeba mzigo mkubwa katika vyuo vyetu: Jumatatu yuko Kisumu, Jumanne Kakamega, Jumatano Siaya, na kila chuo kinamhesabu kana kwamba ni wake peke yake. Simlaumu. Malipo yake huchelewa muhula mzima, wakati mwingine mwaka, na ana watoto. Lakini mwanafunzi anayetaka kumuuliza swali baada ya kipindi hukuta ameshakimbilia stejini.

Kipimo cha pili ni vyeti vya wahadhiri. Kanuni ya jumla ni kwamba anayefundisha awe amesoma ngazi moja juu ya ile anayoifundisha, na vyuo vikuu vimesukumwa kwa miaka mingi kuwa na wahadhiri wenye uzamivu. Sawa. Ila uzamivu unathibitisha kwamba mtu aliwahi kufanya utafiti mmoja mrefu akaumaliza. Kuwaelewesha wengine ni kipaji kingine, na baadhi ya walimu bora niliowahi kuwaona walikuwa mafundi sanifu wa maabara wenye diploma, ambao wangekushika kidole mpaka ujue kuitengeneza slaidi.

Vipi maoni ya wanafunzi? Vyuo vingi sasa huwapa fomu mwisho wa muhula wampe mwalimu alama. Yanafaa kwa baadhi ya mambo: kama alifika, kama alifika kwa wakati, kama alirudisha kazi. Kwa mengine yanadanganya, na kuna kisa maarufu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kule Marekani, watafiti walimfundisha mwigizaji hotuba isiyo na maana, iliyojaa maneno yanayojipinga na mizaha, wakampa jina la Dakta Fox na sifa za kitaaluma, wakampeleka mbele ya madaktari wa akili, wanasaikolojia na waelimishaji. Mada yake eti ilikuwa matumizi ya nadharia ya michezo, tawi la hisabati, katika elimu ya madaktari. Wasikilizaji walimpa alama za juu. Aliongea vizuri, alichekesha, alijiamini. Matokeo yalichapishwa 1973, na tangu hapo hakuna anayefanya kazi ya kupima ufundishaji asiyemjua Dakta Fox. Sisi tuliokulia kwenye mikutano ya siasa huku Nyanza na Magharibi hatukuhitaji utafiti kulijua hilo.

Kwa hiyo utazame nini? Mimi hutazama kazi iliyorudishwa. Mwombe mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu akuonyeshe jaribio lake la mwisho lililosahihishwa. Kama halikurudishwa kamwe, umejua jambo kubwa. Kama limerudi na namba moja nyekundu juu, 14 kwa 30, bila neno lolote, umejua lingine. Kama pembeni mwa jibu mtu ameandika "umeanza vizuri, lakini soma tena sehemu ya dilusheni," basi hapo pana mwalimu. Kisha fungua daftari lake uangalie tarehe. Kozi moja ya muhula kwa kawaida huhesabiwa kuwa na saa 45, yaani saa tatu kwa wiki kwa wiki kumi na tano. Daftari lenye tarehe tano, na ya mwisho imefuatwa na kurasa ishirini za fotokopi, halihitaji maelezo. Linganisha pia karatasi za mitihani ya miaka mitatu iliyopita. Maswali yale yale yakirudi kwa mpangilio ule ule, wanafunzi hawana haja hata ya kuingia na mwakenya, ile karatasi ya majibu ya kuficha.

Na uliza kuhusu maksi zinazopotea. Kila aliyepitia chuo kikuu Kenya anajua maana ya maneno hayo: umefanya mtihani, umeona saini yako kwenye orodha, lakini kwenye matokeo pako wazi, na mahafali yamebaki wiki mbili. Chuo kinachopoteza maksi mara kwa mara kinakuambia kwamba hakuna anayezishika kwa mikono miwili kuanzia mwanzo. Mfumo wa mtahini wa nje, ambapo mhadhiri wa chuo kingine huletwa kupitia mitihani na sampuli ya majibu, upo ili kuziba mianya ya aina hii. Ukipata nafasi ya kuongea na mkuu wa idara, usimuulize kama wana mtahini wa nje, maana wote wanaye. Muulize alisema nini mwaka jana, na mlibadilisha nini. Kimya kitakachofuata ni jibu pia.

Mitihani inayotungwa nje ya chuo husaidia kwa sababu mhadhiri hawezi kujipendelea: ile ya kasneb kwa wahasibu, ya leseni kwa wauguzi, ya uwakili kwa waliosomea sheria. Chuo kikijisifu kwamba asilimia 95 ya watahiniwa wake walipita, uliza swali moja tu: walioanza walikuwa wangapi? Kuna vyuo vinavyowazuia dhaifu wasikae mtihani, kisha vinatangaza matokeo ya waliobaki. Tena chuo kinachopokea wanafunzi wenye A kitapata matokeo mazuri hata wahadhiri wake wakilala. Ninakivulia kofia zaidi kile kinachomchukua mtoto wa D ya jumla na kumfikisha mahali pa kushikwa mkono na daktari.

Utafiti, na lile fumbo la 384

Kwa anayetafuta diploma, sehemu hii inaweza kurukwa karibu yote. Chuo cha diploma hakilazimiki kuwa na watafiti. Kwa shahada ya kwanza utafiti ni muhimu kiasi. Kwa uzamili na uzamivu ndio kila kitu.

Utafiti hupimwa kwa kuhesabu, na kuhesabu kumezaa soko. Mhadhiri hupandishwa cheo kwa idadi ya makala alizochapisha, kwa hiyo wamejitokeza wachapishaji wanaotoza ada, wanakubali makala kwa siku tatu na hawasomi chochote. Jeffrey Beall, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Colorado Denver, ndiye aliyewapa jina la majarida ya kiwindaji, akawa akitunza orodha yao mpaka alipoiondoa Januari 2017. Orodha imeondoka, majarida yamebaki. Makala thelathini kwenye wasifu wa profesa hazina maana mpaka ujue zilichapishwa wapi, na kama kuna mtu asiye rafiki yake aliyewahi kuzitumia.

Orodha za kimataifa za vyuo bora hazisaidii sana hapa. Ile ya Shanghai, iliyoanza 2003, hutoa karibu theluthi moja ya alama kwa wahitimu na wahadhiri waliopata tuzo ya Nobel au medali ya Fields ya hisabati. Pima mwenyewe kama hilo linamhusu mtu anayechagua kati ya Maseno, Kibabii na Masinde Muliro. Ile ya Webometrics, ambayo magazeti yetu yameipenda, ilianzishwa Uhispania 2004 ikitazama zaidi uwepo wa chuo mtandaoni. Miaka ya mwanzo chuo kiliweza kupanda kwa kuweka nyaraka zake zote kwenye tovuti. Ni jambo jema, lakini haliongezi mwalimu hata mmoja darasani.

Kipimo changu hapa ni kile kile cha kutafuta dalili za matumizi. Tazama Mbita, ukingoni mwa Ziwa Victoria. Kuanzia miaka ya 1990 watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, na washirika wao walitengeneza pale mbinu ya sukuma-vuta: desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, inapandwa katikati ya mistari ya mahindi, na nyasi ya nepia inazunguka shamba. Desmodiamu huwafukuza nondo ambao viwavi wao hutoboa mabua, na hukidhoofisha kiduha, gugu lile la maua ya zambarau ambalo Wajaluo huliita kayongo. Nepia nayo huwavuta nondo watoke nje. Makala kuhusu mbinu hiyo ni nyingi, lakini si lazima uzisome. Unaweza kuingia shambani kwa mkulima ukaishika desmodiamu kwa mkono, ukamuuliza mwenye shamba kwa nini aliipanda.

Icipe si chuo, lakini hupokea wanafunzi wa uzamili na uzamivu waliosajiliwa vyuo vikuu. Ndivyo ilivyo pia kwa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, pale Kisian, ambako utafiti wa malaria umefanywa miaka mingi, na kwa kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO Njoro, jirani wa Chuo Kikuu cha Egerton, kilichogeuka shamba la kujaribia ngano kutoka nchi nyingi baada ya kutu ya shina iitwayo Ug99 kuonekana Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990. Vyuo vya eneo hili vimebahatika kuwa na majirani wa namna hiyo. Lakini kuwa jirani wa mpishi si kushiba. Uliza ni wanafunzi wangapi wa idara hii waliowahi kuvuka ua wakashika sampuli.

Na kama una saa moja, ingia kwenye hazina ya tasnifu mtandaoni. Vyuo vikuu vyetu vingi vinayo, iko wazi. Chagua tasnifu tano za uzamili za idara unayoitaka na usome sura ya mbinu tu. Zikiwa zote zimewahoji watu 384, una haki ya kutabasamu. Namba hiyo hutoka kwenye jedwali la mwaka 1970 la Krejcie na Morgan, pale kwenye umati mkubwa kabisa, na ni namba halali. Lakini inapojitokeza kwa wakulima wa chai wa Vihiga, wavuvi wa Homa Bay, wauzaji wa mitumba wa Nakuru na walimu wa chekechea wa Busia, bila hata mmoja kueleza kwa nini, inaelekea wasimamizi wanasaini bila kusoma.

Vifaa

Sasa turudi kwenye nailoni.

Wazazi hupenda majengo kwa sababu yanaonekana, nami siyadharau. Chuo kisicho na maji vyooni saa nane mchana kinakuambia jinsi kinavyowathamini wanafunzi wake. Lakini kifaa kinachofundisha huchakaa. Hadubini iliyotumika ina mafuta kwenye lenzi ya mia, na jukwaa lake limepauka pale vidole vinapoegemea. Karakana ya uchomeleaji ina sakafu iliyoungua na wanafunzi wenye matundu madogo kwenye mikono ya ovaroli. Mashine ya kukerezea vyuma ina chenga chini yake. Egerton ilianza 1939 kama shule ya kilimo kwenye shamba. Mtu anayelalamika kwamba pale Njoro kunanuka ng'ombe hajui kwamba ameisifu maabara. Maktaba yenye vitabu vilivyonyooka kama meno ya bandia haijasomwa. Fungua jalada uone mihuri ya kuazimia. Siku hizi vitabu vingi viko mtandaoni, na vyuo vyetu hununua majarida kwa pamoja kupitia muungano wa maktaba, kwa hiyo kipimo ni hiki: mwambie mwanafunzi aliye uani afungue makala moja ya jarida kwa intaneti ya chuo, mbele yako, sasa hivi. Wengi hawajui kama wana haki hiyo.

Kwa kozi za tiba, kifaa kikuu hakimo ndani ya chuo. Ni hospitali. Wanafunzi wa Maseno hujifunzia kwenye hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo sisi wa Kisumu bado tunaiita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Wa Egerton wako hospitali ya rufaa ya Nakuru. Vyuo vingine vingi vinagombania nafasi kwenye hospitali hizo hizo na za kaunti. Kwa hiyo usiulize tu kama chuo kina mkataba na hospitali. Uliza wanafunzi wangapi huenda kwa pamoja, kwa wiki ngapi, na nani wa kutoka chuoni huwafuata. Kuna miezi ambayo kwangu wanafunzi kumi na wanane huzunguka hadubini tatu. Wa nyuma hujifunza visogo vya wenzao. Nimepokea vyuo ambavyo mkufunzi wao alikuja kila wiki na daftari, na vingine ambavyo sikuwahi kumjua mtu wao yeyote mpaka siku ya kusaini fomu, tena fomu ililetwa na bodaboda.

Jambo la mwisho ni siku ya kwenda. Usiende siku ya wazazi. Nenda Jumatano ya katikati ya muhula, saa tano, bila miadi, na uongee na wa mwaka wa mwisho wakiwa kibandani wanakula chapati na madondo. Wa mwaka wa kwanza bado wanafurahia kitambulisho.

Tulikwenda chuo cha pili Jumatano ya wiki iliyofuata. Jengo lilikuwa la zamani, rangi imebanduka, na kwenye maabara hadubini zilikuwa saba, mbili zimefungwa utepe wa gundi wa nailoni shingoni. Dada yangu aliangalia kando. Fundi wa maabara, mama wa makamo mwenye koti jeupe lililogeuka zambarau mfukoni kwa rangi ya Giemsa, alikuwa na kitabu kikubwa cha mistari juu ya meza. Mpwa wangu akaomba ruhusa ya kukitazama. Kilikuwa rejista ya vitu vilivyovunjika: tarehe, jina la mwanafunzi, slaidi ngapi, bika ipi, nani alilipa. Kurasa zilikuwa zimejaa pande zote mbili, na mstari wa mwisho ulikuwa wa asubuhi ile.

"Wanavunja sana," yule mama akasema, kama anayeomba radhi.

Mpwa wangu akanitazama, nami nikaangalia dirishani nisije nikampa jibu. Alivuta kigoda, akaomba aonyeshwe kilichokuwa chini ya lenzi. Dada yangu aliniinamia sikioni.

"Lakini hawa hawana hata geti," akasema.

"Hawana," nikamjibu.

"Na kule geti ni la kielektroniki."